Kona Fupi Hufunzwa Utotoni: Magongo ya Kenya Yakitazamwa Kutoka Eastleigh

Mashabiki wa mpira wa magongo jijini Nairobi ni wachache wakilinganishwa na wa kandanda, ila ubishi wao una moto uleule. Siku ya ligi katika uwanja wa City Park, kule Parklands, malalamiko mawili hayakosi kusikika. La kwanza linahusu vijana: mbona wanang'ara katika mashindano ya shule kisha wanapotea, mbona majina ya timu ya taifa ni yaleyale miaka nenda miaka rudi, na ni nani hasa mwenye kazi ya kuwalea. La pili linahusu kona fupi: mbona timu zetu hupata kona baada ya kona na ubao wa goli usigongwe hata mara moja.

Malalamiko haya hupelekwa milango tofauti. La vijana hupelekwa kwa chama na serikali. La kona hupelekwa kwa kocha, na mara nyingi kocha ndiye anayelilipia kwa kazi yake. Nashikilia kwamba hili ni lalamiko moja. Kona fupi hufichua, kuliko sehemu nyingine yoyote ya mchezo, mchezaji alianza akiwa na umri gani, alifunzwa juu ya sakafu gani na alirudia mara ngapi. Taifa lisilolea wachezaji wa miaka 10 hadi 14 halitafunga kona fupi, liajiri kocha limtakaye. Na mtaa unaolionyesha jambo hili waziwazi ni Eastleigh, ulio kilomita chache tu kutoka City Park, wenye watoto tele na historia ya magongo iliyosahauliwa.

Kona fupi inavyofanya kazi

Kwa msomaji asiyeufuata mchezo huu: kona fupi hutolewa hasa beki anapofanya kosa ndani ya nusu duara iliyo mbele ya goli lake. Mpira huwekwa kwenye mstari wa nyuma, mita 10 kutoka mlingoti wa karibu. Timu inayojilinda huruhusiwa kubakiza watu watano tu nyuma ya mstari huo, kipa akiwemo. Wenzao wote hupelekwa ng'ambo ya mstari wa kati, na kabla hawajarudi mbio, washambuliaji wamewazidi kwa idadi na kwa nafasi. Ni fursa ya jinsi ileile wanayoipata wachezaji wa magongo ya barafu mpinzani wao anapotolewa nje kwa dakika mbili. Timu hupewa wingi wa watu kwa muda, na hupimwa kwa uwezo wa kuugeuza wingi huo kuwa bao kabla muda haujakatika.

Kazi hiyo ina watu watatu. Mtoaji husukuma mpira kwa kasi hadi nje ya nusu duara, ambayo ukingo wake uko karibu mita 15 kutoka goli. Mzuiaji huutuliza kwa mguso mmoja. Mpigaji hupiga. Akiuchapa, sheria inataka pigo hilo la kwanza livuke mstari wa goli bila kuzidi kimo cha ubao, yaani sentimita 46. Akiuburuta kwa gongo na kuurusha, ana ruhusa ya kuupeleka popote ndani ya goli lenye upana wa mita 3.66 na kimo cha mita 2.14. Ruhusa hiyo ndiyo iliyolifanya pigo la kuburuta litawale magongo ya dunia. Sohail Abbas wa Pakistan alifunga mabao 348 ya kimataifa, sehemu kubwa yakitokana na pigo hilo. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, Alexander Hendrickx wa Ubelgiji alifunga 14 na taifa lake likatwaa dhahabu. Paris mwaka 2024, mfungaji bora alikuwa Harmanpreet Singh wa India kwa mabao 10, na kona ndizo zilizombeba.

Tangu mpira utolewe hadi upigwe hupita kama sekunde mbili. Hapo hakuna nafasi ya kufikiri. Mtoaji akikosea kwa nusu mita, mzuiaji hulazimika kujinyoosha, na akijinyoosha anachelewa. Akichelewa, mkimbiaji wa kwanza wa upande wa pili ameshafika na kona imekufa. Mwili ndio unaokumbuka kazi hii, na mwili hukumbuka kile tu ulichokirudia mara maelfu. Tena sakafu ina neno lake. Juu ya nyasi bandia iliyonyweshwa maji mpira huteleza moja kwa moja bila kuruka. Juu ya udongo wa uwanja wa shule, mpira uleule hudunda kila unapokuta jiwe au shina la nyasi. Kijana aliyejifunza kuzuia mpira kwenye udongo amejifunza kazi tofauti, na akifika City Park inambidi aanze upya.

Hata mataifa makubwa hukosa kona nyingi kuliko wanazofunga, kwa hiyo shabiki asidai bao kila firimbi inapolia. Ana haki ya kudai kona inayofika kwa mpigaji. Anayetazama kwa makini ataona kwamba kona zetu hufa mapema, kwa mtoaji na kwa mzuiaji, kabla mpigaji hajapata cha kupiga. Kumlaumu mpigaji katika hali hiyo ni kumwonea.

Tulikotoka

Ubishi ni mkali kwa sababu Kenya ilikuwa juu. Mchezo huu uliota mizizi miongoni mwa Waasia wa Afrika Mashariki, hasa Wasikh na Wagoa. Mwaka 1947 Dhyan Chand, gwiji wa India ambaye wakati huo alikuwa amevuka miaka 40, alileta timu kuzuru eneo hili, na ziara hiyo iliwapa watoto wa hapa kipimo cha ubora walichokiona kwa macho yao. Miaka tisa baadaye Kenya ilikuwa kwenye Olimpiki ya Melbourne, 1956. Ikarudi 1960, 1964, 1968 na 1972. Tokyo mwaka 1964 ilimaliza katika nafasi ya sita.

Kilele kilikuwa Barcelona mwaka 1971, kwenye Kombe la Dunia la kwanza. Kenya ilifika nusu fainali ikafungwa 1-0 na wenyeji, Hispania, kisha ikaikosa nafasi ya tatu kwa kufungwa 2-1 na India baada ya muda wa ziada. Nchi iliyokuwa na miaka minane tu ya uhuru ilikuwa ya nne duniani. Avtar Singh Sohal, beki wa kizazi hicho, alicheza Olimpiki nne mfululizo na kuwa nahodha katika tatu. Pamoja naye katika miaka ile walikuwapo Surjeet Singh Panesar, Hilary Fernandes, Silu Fernandes, Alu Mendonca na kipa John Simonian.

Watu hawa walizalishwa na mitaa. Ukoloni uliigawa Nairobi kwa rangi, na Eastleigh, iliyoundwa mwaka 1921, ikawa mojawapo ya sehemu walizotengewa Waasia, sawa na Ngara, Pangani na Parklands. Wagoa wa Eastleigh walijenga maisha yao kuzunguka kanisa na shule za St. Teresa's. Kila jamii ilikuwa na klabu, kila klabu na uwanja, na shule zao zilikuwa na walimu walioujua mchezo. Dr Ribeiro Goan School ilitoa wachezaji kadhaa waliofika Olimpiki. Mtoto alitoka darasani akaingia uwanjani huku kaka zake na wajomba zake wakimtazama, na alipofikisha miaka 18 alikuwa na miaka kumi ya gongo mkononi.

Haki inataka tuseme upande wa pili pia. Mfumo ule ulikuwa na mlango mmoja, na mlango huo ulikuwa wa rangi. Kijana wa Kiafrika wa Pumwani, mtaa wa jirani kabisa, alizisikia kelele za mechi lakini klabu haikuwa yake. Tunachopaswa kurithi kutoka enzi hizo ni umri ambao mtoto alianza na ukaribu wa uwanja na nyumbani. Ubaguzi wake tuuzike.

Maelezo manne ya mashabiki, na uzito wa kila moja

Maelezo ya kwanza husema: Waasia waliondoka na magongo yakaondoka nao. Ni kweli kwamba sheria za mwaka 1967 kuhusu uhamiaji na leseni za biashara ziliwafanya wengi wao wahamie Uingereza na Kanada, na kwamba hazina kubwa ya ujuzi ilikwenda nao. Lakini maelezo haya yanagonga ukuta wa mwaka 1987. Mwaka huo Michezo ya Afrika ilifanyika Nairobi, Kenya ikatwaa dhahabu ya magongo ya wanaume na tiketi ya Olimpiki ya Seoul, 1988. Timu hiyo ilichanganya wachezaji wa asili ya Kiasia na kina Lucas Alubaha, Michael Omondi na Peter Akatsa. Ujuzi ulikuwa umeshavuka mipaka ya jamii. Kama kuondoka kwa watu ndiyo sababu pekee, Seoul isingewezekana. Hata hivyo tangu Seoul Kenya haijarudi Olimpiki katika magongo.

Maelezo ya pili yanataja nyasi bandia. Tangu Montreal mwaka 1976, magongo ya Olimpiki huchezwa juu ya sakafu ya kutengenezwa, na mabadiliko hayo yaliyatikisa hata mataifa yaliyoutawala mchezo huu, India na Pakistan. City Park ilipata uwanja wake kwa ajili ya Michezo ya 1987. Maelezo haya yana uzito mkubwa, ila hayajamalizika. Uwanja mkuu mmoja wa umma hutumiwa na ligi ya wanaume, ligi ya wanawake na timu za taifa, na vingine vichache viko ndani ya klabu au shule za ada kubwa. Katika msongamano huo, wa mwisho kupangiwa saa ni mtoto. Tukijenga uwanja wa pili na wa tatu tukawapa watu wazima tu, kona zetu zitabaki zilivyo.

Maelezo ya tatu ni kocha. Huyu ndiye rahisi kulaumiwa kwa sababu anaonekana, amesimama pembeni na karatasi mkononi. Lakini kocha wa taifa hupokea watu wazima kwa kambi ya muda mfupi kabla ya mashindano. Anaweza kupanga nani atoe, nani azuie, nani ajifanye mpigaji ili kuwababaisha mabeki. Hawezi kuweka ndani ya majuma machache mikono ambayo ilipaswa kuundwa kwa miaka.

Maelezo ya nne ni fedha. Hapa mfano mzuri ni wa wanawake. Klabu ya Telkom ya Nairobi ilitawala magongo ya vilabu barani Afrika kwa muda mrefu na kutwaa ubingwa mara nyingi. Mfadhili alipojiondoa, wachezaji waliendelea kwa jina jipya la Blazers, na uthabiti wao unastahili heshima kubwa. Lakini mwaka 2022, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Birmingham, timu ya taifa ya wanawake ilifungwa 16-0 na New Zealand. Wachezaji wale hawakukosa moyo. Ni kwamba fedha za magongo, zilipokuwapo, zililea kikosi kimoja cha watu wazima na hazikufika kwa watoto ambao wangejaza vikosi vingine kumi chini yake. Ubingwa wa klabu moja unaweza kuficha ukame wa nchi nzima.

Maelezo haya yote manne yana ukweli ndani yake, na yote yanaishia kwenye swali moja: mtoto wa Kenya hukutana na gongo akiwa na miaka mingapi?

Kijana na gongo hukutana lini?

Kwa miongo mingi sasa, mzigo wa kulea wachezaji umebebwa na shule za sekondari za bweni, hasa za magharibi mwa nchi na Bonde la Ufa: Friends School Kamusinga, St. Anthony's ya Kitale, Musingu, na kwa wasichana shule kama Tigoi na Misikhu. Walimu wa shule hizo wamefanya kazi ambayo taifa lilipaswa kuwasaidia kuifanya, na mchezo usingekuwa hai leo bila wao. Kutoka huko wachezaji hufika vyuo vikuu na vilabu kama Strathmore, USIU, Kenya Police na Butali.

Lakini tazama kalenda yake. Mwanafunzi aliyeingia kidato cha kwanza alikuwa na miaka 14 hivi, na wengi walishika gongo kwa mara ya kwanza hapo. Mashindano ya magongo ya shule hufanyika muhula wa kwanza. Yakimalizika, kwa shule nyingi magongo hurudi stoo. Kijana huyo humaliza shule akiwa na miaka minne ya mchezo, na katika kila mwaka ni sehemu tu iliyokuwa ya mazoezi. Kisha huja pengo. Asiyepata nafasi ya chuo chenye timu, au kazi katika taasisi yenye klabu, huliweka gongo chini. Hapo ndipo wanapopotea wale waliong'ara. Hawapotei kwa uvivu. Hakuna daraja la kuwavusha kutoka miaka 18 hadi 21.

Uholanzi au Ubelgiji mtoto huanza klabuni akiwa na miaka sita au saba. Wakikutana na wetu wakiwa na miaka 20, mmoja ametoa na kuzuia kona kwa zaidi ya miaka kumi na mwingine kwa mihula michache.

Mabadiliko ya elimu yanaliongezea swali hili uzito. Chini ya mtaala mpya, gredi ya saba hadi ya tisa, yaani sekondari msingi, ilianza mwaka 2023 na imewekwa ndani ya shule za msingi. Maana yake ni kwamba shule ya bweni yenye mwalimu wa magongo itampokea mtoto gredi ya kumi, akiwa na miaka 15 hivi. Umri wa kuanza umesogezwa mbele kwa mwaka mzima, na chama cha mchezo kisipochukua hatua kitajikuta na wachezaji waliopoteza hata ule muda mdogo uliokuwapo. Upande wa pili wa mabadiliko haya ni wa heri: watoto wa miaka 12 hadi 14 sasa wako katika shule za kutwa, mitaani kwao, karibu na wazazi. Umri wa dhahabu wa mchezo umerudi mtaani. Nani atawafuata huko?

Ushahidi kutoka Muscat

Kuna ushahidi mmoja ambao mashabiki hawajautumia vya kutosha. Januari 2024, Muscat, Oman, ilifanyika Kombe la Dunia la kwanza la magongo ya watu watano kila upande. Kenya ilipeleka timu ya wanaume na ikafika nane bora kati ya timu 16. Tuseme kweli: baadhi ya mataifa makubwa hayakuwapo, na Kenya ilipokutana na India katika mechi za kuwania nafasi za tano hadi nane ilifungwa 9-4. Hata hivyo, vijana wetu walisimama na dunia na kufunga mabao.

Mchezo wa watu watano una uwanja mdogo uliozungukwa na kuta za ubao, mpira hautulii, na kinachohesabika ni kasi, ujasiri na akili ya haraka. Tena hauna kona fupi. Mahali ambapo fursa ile maalumu imeondolewa kwenye kanuni, Kenya inasogea karibu na wenzake. Mahali ambapo mechi huamuliwa na watu watatu waliorudia jambo moja kwa miaka, inaachwa mbali. Anayedai kwamba vijana wa Kenya hawana kipaji cha magongo aifikirie Muscat kwanza. Kipaji kipo, kinachokosekana ni saa za mazoezi juu ya sakafu bapa.

Wengine walifanyaje

Ubelgiji ni nchi ya watu wapatao milioni 11. Baada ya mwaka 1976 timu yake ya wanaume haikuonekana Olimpiki hadi 2008. Ikawekeza katika klabu za watoto, makocha wa vijana na vikosi vya umri. Mwaka 2016 ikapata fedha ya Olimpiki, 2018 ikawa bingwa wa dunia, na Tokyo ikatwaa dhahabu. Kizazi kilichoanza utotoni kilivuna baada ya miaka kumi na zaidi, na hakukuwa na njia ya mkato.

Msomaji atasema Ubelgiji ni tajiri. Basi atazame Sundargarh, wilaya ya jimbo la Odisha nchini India, makao ya jamii za wenyeji ambazo hazikuwa na mali. Watoto wa huko walianza kwa magongo ya kuchongwa kutokana na mianzi na kucheza kwenye viwanja vya vijiji, na mashindano yao hutoa mbuzi kama zawadi. Wilaya hiyo imempa India nahodha Dilip Tirkey na beki Amit Rohidas. Serikali ya Odisha ilipoona hivyo, iliwafuata watoto huko waliko na kuwajengea viwanja vya nyasi bandia wilayani mwao, huku ikiidhamini timu ya taifa tangu 2018. Mapenzi ya mtaa yalitangulia na uwanja ukafuata, na kati yao walikuwapo watu wazima waliokubali kuwapa watoto saa zao za jioni.

Hapa Nairobi kwenyewe tunao mfano wa kutia moyo. Kenya Ice Lions, timu ya magongo ya barafu, ilijijenga kwenye kiwanja kimoja kidogo cha barafu katika hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ambacho hakifikii vipimo vya kimataifa. Pamoja na udogo huo, mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la dunia la mchezo huo. Kama kikundi cha vijana kiliweza hilo katika jiji lisilojua theluji, magongo ya uwanjani, yenye Olimpiki saba katika kumbukumbu zake, hayana kisingizio.

Eastleigh inaweza nini

Eastleigh ya leo ni soko kubwa la Afrika Mashariki. Tangu miaka ya 1990, wafanyabiashara, wengi wao Wasomali, waligeuza nyumba za kulala wageni kama Garissa Lodge kuwa maduka, na kipande cha ardhi kilichobaki wazi kwenye First Avenue au Jam Street kina bei isiyoruhusu watoto kukimbia juu yake. Kungojea uwanja kamili wa magongo Eastleigh, wenye urefu wa mita 91.4 na upana wa mita 55, ni kungojea bure.

Lakini kona fupi haihitaji uwanja kamili ili ifunzwe. Kiwanja cha mpira wa kikapu kina urefu wa mita 28 na upana wa 15. Umbali ambao mtoaji anausukuma mpira, na kazi ya mzuiaji ya kuutuliza, vinaenea humo vizuri. Saruji iliyolainishwa ni ngumu kwa magoti, ila mpira hupita juu yake kwa unyoofu kuliko kwenye udongo. Maana yake, theluthi mbili za kona fupi, zile hasa zinazotuangusha, zinaweza kufunzwa katika ua wa shule za msingi na sekondari za Eastleigh, Pumwani, California na Biafra, kwa mpira mwepesi na magongo mafupi ya mbao. Mchezo wa watu watano nao, ukipunguzwa vipimo, unaenea humohumo. Pigo la kuburuta litafuata baadaye, City Park, kwa wale watakaokuwa tayari.

Saa zipo zikitafutwa kwa heshima. Watoto wengi wa Eastleigh hutoka shule wakaenda dugsi au madrasa, na mwisho wa juma vilevile. Kocha atakayepanga mazoezi bila kuwauliza walimu wa dini na wazazi atabaki na kiwanja kitupu. Atakayeketi nao atapata saa zake, na atapata wasichana pia, kwa kuwa mchezo huu unaruhusu hijabu na mavazi ya kufunika mwili. Timu ya taifa ya wanawake ya Malaysia ina wachezaji wengi wanaocheza hivyo.

Vifaa navyo si mlima. Sialkot, Pakistan, ni mojawapo ya vitovu vikubwa vya dunia vya kutengeneza magongo. Wafanyabiashara wa Eastleigh wanaoagiza nguo, viatu na simu kutoka Dubai na Asia wanajua njia zote za mizigo. Mabunda machache ya magongo ya watoto ndani ya kontena moja hayatamfilisi mtu, na yangeweza kuanzisha timu katika shule kadhaa kwa mpigo mmoja.

Hukumu

Mashabiki wako sahihi kukasirika, ila hasira ielekezwe panapostahili. Kubadilisha kocha kila mashindano yanapoharibika hakutaongeza kona hata moja wavuni. Kungojea uwanja mpya huku watoto hawapangiwi saa kwenye uliopo hakutasaidia pia. Kona fupi za Kenya zitafunga siku tutakapokuwa na watoto wa miaka 11 wanaotoa na kuzuia mpira mara mia kila juma, kwa mwaka mzima, wakiwa na watu wanaowangojea kila wanapovuka daraja moja la umri kwenda jingine.

Kwa hiyo naomba mambo manne yaliyo wazi. Chama cha Magongo cha Kenya kiwatengee watoto saa maalumu za kila juma City Park, na kitangaze kila msimu ni watoto wangapi wa chini ya miaka 14 waliosajiliwa na kutoka mitaa gani. Kila klabu ya ligi kuu iwe na wajibu wa kulea angalau shule moja ya kutwa iliyo karibu nayo. Wafanyabiashara wa Eastleigh waagize magongo ya kwanza. Na wewe shabiki, utakapoinuka kulalamikia kona iliyopotea, uliza pia hesabu hiyo ya watoto, na usikae chini mpaka ujibiwe.